Nani Mvamizi: Bibi au Ziwa?



Nyumba ya bibi yangu ipo Guta, wilayani Bunda, upande wa Ghuba ya Speke. Yeye na babu waliijenga kabla mama yangu hajaolewa. Nikiwa darasa la saba, tukitumwa maji tulikuwa tunashindana kuhesabu hatua kutoka jikoni mpaka ziwani. Zilikuwa zinapita mia. Likizo iliyopita nilihesabu tena, nikapata 41. Haya, miguu yangu imerefuka, nitoe hatua ishirini. Bado hesabu haikubali.

Choo cha zamani kipo ndani ya maji. Shamba la chini la mihogo limegeuka matete, na jioni watoto hawaruhusiwi kusogea huko kwa sababu ya mamba. Juu ya hayo yote, ukutani kuna alama ya X ya rangi nyekundu. Afisa mmoja alikuja, akapima kwa futi kamba, akamwambia bibi kwamba yupo ndani ya mita 60 za ziwa, kwa hiyo ni mvamizi.

Bibi akamuuliza, "Mjukuu wangu, mimi nimevamia lini?"

Yule kijana hakuwa na jibu. Akachora X yake, akaondoka.

Mwezi uliopita vijana wa chama tulikutana Musoma mjini, na mjadala ukaangukia huko huko: kwa nini ziwa limepanda, na je, ni jambo kubwa au tunajitisha bure? Wengine wakasema ni mabadiliko ya tabianchi, nchi tajiri zimechafua hewa na sisi ndio tunalipa. Wengine wakasema hapana, Waganda wamefunga lango la Jinja. Wengine, hasa wanaotoka kwenye familia za wavuvi, wakasema ziwa lina tabia yake, wazee waliliona likipanda na litashuka tena, tuache kelele.

Mwishoni kiongozi mmoja akanivuta pembeni. "Dada, wewe msomi wa sheria. Simama kwenye mkutano uwaambie wananchi Waganda wamefunga maji na serikali ya CCM imenyamaza. Hiyo inashika haraka."

Nilikataa. Naandika hapa kueleza kwa nini, maana najua wapo walionuna.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp watu wanachanganya habari za bahari na za ziwa. Bahari inapanda kwa sababu barafu ya nchi kavu inayeyuka, na maji yenyewe yakipata joto yanatanuka. Ziwa Victoria lipo kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Bahari haiwezi kulisukuma hata sentimita moja. Ziwa letu linaishi kwa mvua: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kisha ndiyo inakuja mito kama Kagera na Mara. Mengi yanarudi angani kama mvuke, na yanayobaki yana mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja.

Sasa tuje kwenye huo mlango. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Makubaliano yalikuwa kwamba bwawa litoe maji kwa kiasi kile kile ambacho mto ungetoa wenyewe kulingana na kimo cha ziwa. Je, makubaliano hayo yamewahi kuvunjwa? Ndiyo. Kuelekea mwaka 2006 yalitolewa maji mengi kuliko yaliyokubaliwa, ukame ukaongezea, na ziwa likashuka vibaya mno. Lakini angalieni vizuri, makamanda: kosa lile lilishusha ziwa, halikulipandisha. Na mwaka 2020, ziwa lilipojaa, Uganda iliongeza maji yanayotoka. Kwa hiyo Jinja ni swali halali, tena tunatakiwa kudai takwimu zake kila mwezi. Ila kumwambia mama wa Guta kwamba Mganda amemfurika, bila ushahidi, huo ni uongo hata ukisemwa na mtu wa upinzani.

Wanaosema "wazee waliliona" nao hawajakosea. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa takriban mita 2.5 kwa sababu ya mvua kubwa, na kipimo cha Jinja kikafika mita 13.41. Ila wanasahau nusu ya pili ya hadithi. Baada ya hapo ziwa halikurudi kwenye kimo chake cha kabla ya 1961 kwa miongo mingi. Anayemwambia bibi "subiri litashuka" amwambie pia asubiri mpaka lini. Bibi yangu hana miaka arobaini ya kusubiri.

Halafu rekodi ile ya wazee imeshavunjwa. Mei 2020 kipimo kilifika mita 13.42. Mei 2024 kikafika 13.66. Mara mbili ndani ya miaka minne!

Na tabianchi je? Kuna utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu kupanda kule kwa 2020. Ndani ya miezi sita hivi ziwa lilipanda mita 1.21. Wanasayansi wakalinganisha dunia ya leo na dunia ambayo binadamu hajaipasha joto. Wakakuta kwamba uwezekano wa tukio kama lile umeongezeka mara 1.8, na kwamba bila joto hilo ziwa lingepanda pungufu kwa sentimita 7.

Najua kuna mtu ameshacheka: "Sentimita 7 tu?" Hebu fanya hesabu. Rekodi ya 2020 ilizidi ile ya 1964 kwa sentimita moja. Toa saba, na rekodi isingevunjika. Kisha kumbuka fukwe zetu nyingi ni tambarare. Mahali ambapo ardhi inainuka mita moja kwa kila mita 40, maji yakipanda mita 1.21 yanaingia ndani karibu mita 48. Mita 48! Na sheria inakupa 60.

Kwa hiyo jibu la kweli ni hili: mvua ndiyo iliyojaza ziwa, joto la dunia limeongezea, na lango la Jinja linahitaji kuangaliwa. Jibu hilo halifai kuimbwa jukwaani, najua. Lakini ndilo tulilonalo.

Mtaniuliza, mbona unajali hivyo kusema sawasawa wakati wenzetu wa upande wa pili hawajali? Nitawakumbusha Machi 2022. Maji ya Mto Mara yalibadilika, samaki wakafa, watu wakakatazwa kuyatumia. Kamati ya serikali ikaja na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo. Wengi huku hawakuamini, na mpaka leo ukitaja neno "wataalamu" vijiweni watu wanaguna. Imani ikishavunjika hivyo, hata onyo la kweli halisikilizwi. Kesho serikali ikisema "hameni, maji yanakuja", nani atahama? Na sisi tukiwapa watu hadithi ya Waganda, halafu ikaonekana siyo, kesho tukiwaambia jambo la kweli nani atatusikiliza?

Isitoshe, uongo ule hatuuhitaji. Hoja yetu ya kweli ni nzito kuliko ya uongo, na ipo kwenye sheria.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Lengo ni jema na mimi naliunga mkono. Ufukwe usiolindwa unaua mazalia ya samaki na kuchafua maji tunayokunywa. Lakini mita 60 kuanzia wapi? Kuanzia maji ya 2006 yaliposhuka, au ya Mei 2024? Ukipima kutoka pale maji yalipo leo, basi kila mwaka wa mvua kubwa unatengeneza wavamizi wapya ambao hawajasogeza hata jiko. Mtu analala akiwa mwananchi halali, anaamka akiwa mvunja sheria, na aliyehama ni ziwa.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 75, inampa waziri wajibu wa kuchukua hatua kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi. Na Katiba, ibara ya 24, inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Huwezi kuchukua kifungu cha 57 ukakichora ukutani kwa rangi nyekundu, halafu kifungu cha 75 na ibara ya 24 ukaviacha kabatini.

Wenzetu Kenya wameanza. Mwaka 2022 wakazi wa Baringo, ambao ziwa lao nalo limemeza nyumba na malisho, walikwenda mahakamani kudai kwamba serikali imeshindwa wajibu wake chini ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Hawakusubiri mjadala wa chanzo uishe. Walisema: mlijua, mlikuwa na wajibu, mlifanya nini?

Kuna watakaosema hili ni la watu wa mwaloni tu, la Guta na Mwigobero, halimhusu mtu wa Butiama mwenye ng'ombe wake mlimani. Mtu wa Butiama leo anategemea mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, na maji hayo yanavutwa kutoka ziwa hili hili. Vyoo vya ufukweni vikizama, anakunywa nani?

Na Butiama kuna somo jingine. Mwalimu Nyerere aliyezaliwa pale ndiye aliyeweka msimamo wa Tanganyika kuhusu maji haya. Julai 1962, nchi ikiwa haijamaliza hata mwaka wa uhuru, serikali iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya Nile ya mwaka 1929 hayaifungi Tanganyika. Wakati huo ziwa lilikuwa linapanda kama leo. Wangeweza kutafuta wa kumlaumu jukwaani. Wao walikaa chini, wakaandika hoja ya kisheria, na hoja hiyo inasomwa vyuoni mpaka sasa.

Basi mimi napendekeza tudai mambo manne. Moja, X zisimamishwe kwenye makazi ya zamani mpaka mstari wa ufukwe upimwe na uwekewe alama mbele ya wanakijiji. Mbili, kimo cha ziwa na maji yanayotolewa Jinja vibandikwe kila wiki kwenye mialo na ofisi za vijiji, kwa Kiswahili ambacho mvuvi anakielewa. Tatu, anayelazimika kuhama apewe kiwanja na fidia kabla ya kuhama. Nne, na hili ni letu wenyewe: tuache kusambaza tusichokijua.

Kazi inaweza kuanza wiki hii. Kama una bibi, mjomba au mama mdogo anayeishi karibu na maji, kuanzia Kibara mpaka Makoko, nenda na simu yako. Piga picha ya nyumba, ya maji na ya X kama ipo. Andika tarehe. Muulize mwaka aliojenga, tena tafuta jirani atakayethibitisha. Siku tukienda kwa mkuu wa wilaya au mahakamani, hivyo ndivyo vitakavyosema kwa niaba yetu.

Mimi nimeanza na Guta. Bibi ameniuliza hizo picha zitasaidia nini. Nimemwambia ukweli, kwamba sijui kama zitaokoa nyumba, ila zitamfanya mtu ajibu lile swali lake. Akasema sawa, akavaa kitenge kizuri, akasimama pembeni ya ile X nikampiga.