Hereni ya Ng'ombe wa Katoro na Wino wa Kuchapa Tishu Hai

Mwezi Juni 2025 Kanda ya Ziwa ilishuhudia matukio mawili yaliyopishana kwa siku tatu. Juni 16, Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Kampeni ya Kitaifa ya Chanjo na Utambuzi wa Mifugo, inayomvalisha kila ng'ombe hereni yenye namba yake. Juni 19 alifungua Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, na kuwaondolea wasafiri kati ya Mwanza na Geita adha ya kusubiri kivuko. Kwa mfugaji wa Katoro, wilayani Geita, moja ni habari ya chanjo na nyingine ni ya barabara. Yakitazamwa pamoja, matukio hayo yanagusa pia ngozi ya ng'ombe wake na protini iliyomo ndani yake.

Gelatini hutokana na kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mifupa na kano za mnyama. Aliyewahi kuacha supu ya makongoro ilale hadi asubuhi ameiona: hushikana ikatikisika sufuriani, na ikipashwa moto hurudi kuwa mchuzi. Tabia hiyo ndiyo inayowavutia watafiti wa uchapaji wa tishu. Huchanganya gelatini na seli hai, kisha printa maalumu huutandaza mchanganyiko huo tabaka juu ya tabaka kwa umbo la ngozi au gegedu. Seli huishi humo kwa kuwa gelatini inafanana na mazingira yake ya asili mwilini.

Kikwazo ni joto. Gelatini ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzi joto 30 na 35 za Selsiasi, ilhali mwili wa binadamu una 37. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walieleza namna ya kuibadili kikemia ili igande kwa kumulikwa mwanga na isiyeyuke tena. Aina hiyo sasa ni miongoni mwa zinazotumika zaidi katika maabara za fani hii.

Ni vyema kutotia chumvi. Mwaka 2022 kampuni ya 3DBio Therapeutics ya Marekani ilitangaza kuwa mwanamke mmoja amepandikizwa sikio lililochapwa kwa seli zake mwenyewe. Wino wake ulikuwa wa kolajeni, na kazi hiyo ilikuwa ya majaribio. Kumwahidi majeruhi wa moto mkoani Geita ngozi ya kuchapwa leo kungekuwa kumdanganya.

Linalowezekana kujadiliwa leo ni malighafi. Hapa gelatini inatofautiana na kiatu. Ngozi iliyotobolewa kwa kisu cha mchunaji au kuunguzwa kwa chapa ya moto hushuka daraja kiwandani, lakini kolajeni yake haipotei kwa tundu, na hata mapunguo yanafaa. Kinachoiharibu ni kuoza, kwa sababu bakteria huivunja protini na kuacha sumu ambazo seli hai hazivumilii. Chumvi na muda, basi, vina uzito kuliko ustadi wa kisu, na safari isiyosubiri kivuko ni sehemu ya hesabu hiyo. Aidha, uamuzi hufanywa mapema: ngozi ikishaiva kwa kromu, haifai tena kwa gelatini ya tiba.

Kanda ina pa kuanzia. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) hufundisha teknolojia ya ngozi, na hatua ya kuloweka ngozi katika chokaa, inayojulikana vizuri kwa watengenezaji wa ngozi, ndiyo pia mwanzo wa gelatini nyingi za ng'ombe. Tofauti ni usafi na vipimo. Gelatini ya tiba hupimwa metali nzito, na kwa malisho yanayopakana na machimbo ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki, kipimo hicho si cha kutimiza wajibu tu.

Hitaji jingine ni asili ya mnyama. Tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uitikise Ulaya, mnunuzi wa gelatini ya tiba hutaka kujua ng'ombe alitoka wapi na afya yake ilikuwaje. Hereni inalijibu swali hilo maadamu ng'ombe yu hai. Machinjioni, hata hivyo, kichwa hutengwa na hereni yake, na ngozi hupelekwa kwenye chumvi bila namba. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Na. 12 ya mwaka 2010 ipo, na Sheria ya Biashara ya Ngozi Na. 18 ya mwaka 2008 ipo. Kinachohitajika kati ya hizo mbili ni lebo ya bei ndogo, inayofungwa kwenye ngozi kabla kichwa hakijaondolewa, na karani wa kuiandika.