Jumba la Hurumzi

Apitaye mtaa wa Hurumzi, katika Mji Mkongwe wa Unguja, hana budi kuinua shingo ili alione lote jumba la marehemu Tharia Topan. Tajiri huyo alitoka Kachchh, na tangu mwaka 1876 alikodi forodha ya Sultani. Leo jumba ni hoteli ya wageni, na darini pana mgahawa: watu huvua viatu, huketi juu ya mazulia, huletewa chakula huku jua likizama baharini.

Sisi hatuna ugomvi na chakula hicho. Nyumba ya mawe na chokaa isiyotunzwa huanguka, na Mji Mkongwe umekwisha kupoteza nyingi. Mgahawa wenye kuziba paa na kulipa mishahara ni afadhali kuliko gofu. Tunalouliza ni hili: wageni huambiwa nini juu ya nyumba yenyewe?

Aghalabu huambiwa kwamba humo Waingereza walilipa fedha ili watumwa waachwe huru, ndipo mtaa ukaitwa Hurumzi. Maneno hayo ni matamu, lakini ni nusu ya habari. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, aliyoitoa Sultani Hamoud bin Mohammed kwa kushurutishwa na Waingereza, iliwapa fidia mabwana. Mtumwa aliyechuma karafuu maisha yake yote hakuwekewa fungu lolote. Na uhuru wenyewe hakuletewa mlangoni. Ilimpasa aende mahakamani kuuomba. Akiisha kuupata, alipaswa kulipa kodi na kufanya kazi za lazima za serikali, na akikosa makao ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Basi bwana alifidiwa kwa kupoteza mtu, na mtu hakufidiwa kwa kupoteza umri wake. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo imepewa jina la uhuru!

Twawaomba wenye hoteli na waongozaji wa wageni, kabla sahani ya kwanza haijateremshwa zuliani, wataje ni nani aliyeondoka na fedha. Watumishi wanaopandisha masinia katika ngazi zile ndefu ndio wa kwanza kustahili kuijua habari hii kamili, na wao ndio wapewe nafasi ya kuisimulia.