Mapromota wameuza maana ya neno "bingwa"

Muhula uliopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili somo la semantiki, yaani elimu ya maana. Niliandika ubaoni sentensi fupi: "Mwanandondi huyu ndiye bingwa wa dunia katika uzani wake." Nikawataka waeleze kazi ya neno "ndiye" katika sentensi hiyo. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, bingwa wa dunia ipi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali hilo nilikwenda nalo nyumbani.

"Ndiye" ni neno la kubagua: huyu, wala si mwingine. Katika ndondi za kulipwa za leo, sentensi ile huwa kweli kwa nadra sana. Vyama vinavyotambuliwa zaidi ni vinne: WBA, WBC, IBF, iliyoundwa mwaka 1983, na WBO, iliyoundwa mwaka 1988. Kila kimoja kina orodha yake ya wapiganaji, mshipi wake na bingwa wake, na kila taji linapopiganiwa, chama hutoza ada. Viwango vya uzani vilivyozoeleka ni 17. Zidisha kwa nne, upate nafasi 68 za "mabingwa wa dunia". Na hapo sijawataja mabingwa wa muda.

Kiswahili kina mabingwa wa aina mbili. Yupo bingwa kwa maana ya mtaalamu, na hospitali moja yaweza kuwa na madaktari bingwa kumi bila ya mtu kushangaa. Yupo pia bingwa kwa maana ya aliyewashinda wote. Biashara ya ndondi imelihamisha neno hili kutoka maana ya pili hadi ya kwanza pasipo kumwarifu mtazamaji, huku ikiendelea kumtoza bei ya ile ya pili.

Wengi huvilaumu vyama hivi vinne. Waama, havina usafi wa kujivunia. Hata hivyo, mimi naona mzizi wa tatizo umo katika jinsi promota anavyojipatia riziki. Katika kandanda, ratiba hupangwa na wasimamizi wa ligi. Gor Mahia haiwezi kukataa kukutana na AFC Leopards ati kwa sababu haijaridhika na mgao wa mapato. Mwanariadha anayefika fainali ya Olimpiki hachagui atakayesimama naye mstarini. Ndondi za kulipwa hazina ligi. Bondia hufungwa kwa mkataba na promota, na promota huyo ndiye mwenye sauti kubwa kuhusu atakayepigana naye, lini, wapi, na katika kituo gani cha runinga.

Hebu tupige hesabu kama mwenye duka. Bondia wangu akishindwa, bidhaa yangu imeshuka bei. Akipigana na bondia wa promota mwingine, itanibidi nigawane faida na mshindani wangu. Akipigana na mtu dhaifu niliyemchagua mwenyewe, rekodi yake hubaki safi na faida yote hubaki kwangu. Mwenye duka gani atakayechagua hatari? Na kwa kuwa mishipi ni minne, kila promota mkubwa aweza kupata bingwa wake wa kumtangaza. Hivyo, wingi wa mataji hauwaudhi mapromota hata kidogo. Unawafaa.

Ushahidi haufichiki. Tangu mwaka 2009 mashabiki walikuwa wakidai Floyd Mayweather na Manny Pacquiao wakutane. Ni kweli kwamba mzozo kuhusu upimaji wa dawa zilizopigwa marufuku ulichangia kuvunja mazungumzo ya kwanza. Lakini uhasama wa mapromota na vituo vya runinga vilivyoshindana ulisaidia kulichelewesha pambano hilo hadi Mei 2, 2015. Siku hiyo Mayweather alikuwa na umri wa miaka 38 na Pacquiao miaka 36. Nchini Marekani, watu milioni 4.6 walilinunua, wengi kwa takriban dola 100. Kibiashara, ilikuwa rekodi. Kimichezo, wengi walilala wakinung'unika kwamba waliuziwa kiporo. Hilo ndilo funzo chungu: kumchelewesha shabiki kunalipa, kwa hiyo ataendelea kucheleweshwa.

Wapo watakaosema dawa ni kumwachia mtu mmoja uwanja wote. Hilo nalo limewahi kujaribiwa. Marekani ilikuwa na kampuni iliyoitwa International Boxing Club, ambayo kati ya mwaka 1949 na 1953 iliandaa mapambano 36 kati ya 44 ya ubingwa yaliyofanyika nchini humo. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu iliunga mkono amri ya kuuvunja ukiritimba huo. Leo mfano unaosifiwa ni UFC, kampuni ya mapigano mseto inayowamiliki wapiganaji wake kwa mikataba na kuwakutanisha bila ya ubishi. Mashabiki hupata mapambano wanayoyataka, nakiri. Lakini wapiganaji wa zamani waliishtaki kampuni hiyo kwa kubana malipo yao, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 375. Mapromota wengi humnyima shabiki pambano. Promota mmoja humnyima mpiganaji ujira. Tusikimbie mvua tukaingia mtoni.

Wengine watataja fedha za serikali. Mei 18, 2024 mjini Riyadh, Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury na kuwa bingwa wa kwanza asiye na mshirika katika uzani wa juu kabisa tangu enzi ya Lennox Lewis, aliyefikia hadhi hiyo mwaka 1999. Fedha za Saudia ziliwapatanisha waliokuwa hawapatani. Sisi Waafrika si wageni wa jambo hilo: mwaka 1974 serikali ya Mobutu iligharimia pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, ambapo kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Lakini ukarimu wa tajiri si utaratibu. Wiki chache baada ya Riyadh, Usyk aliuachilia mshipi wa IBF, na dunia ikarudi kuwa na mabingwa wawili.

Kinachohitajika ni kutenganisha kazi. Anayeandaa pambano asiwe anayewapanga wapiganaji katika orodha, wala asiwe meneja wa bondia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyopewa jina la Muhammad Ali, ilikusudia hayo: iliweka mpaka kati ya meneja na promota, na kumtaka promota amfichulie bondia mapato ya pambano. Inasikitisha kwamba mwaka 2025 mswada uliwasilishwa huko wa kuruhusu chombo kimoja kiandae mapambano, kipange orodha na kutoa mataji yake chenyewe. Huko ni kumkabidhi fisi bucha pamoja na mizani.

Kwa nini mwalimu wa isimu wa Kenya ajishughulishe na haya? Mwaka 1988, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, jina la Robert Wangila lilikuwa katika kila kinywa. Alituletea kutoka Seoul dhahabu ya ndondi ya Olimpiki ambayo hatujapata nyingine hadi leo. Julai 1994 alifariki mjini Las Vegas kutokana na majeraha ya ulingoni, akiwa na umri wa miaka 26. Simlaumu promota yeyote kwa kifo hicho. Ninachosema ni kwamba anayeingia ulingoni huweka rehani uhai wake, ilhali wengine wote huweka rehani fedha tu. Kwa Kiswahili, mwandalizi ni yule anayewatengea wageni chakula, na kwa desturi yetu yeye hula mwisho. Katika ndondi, mwandalizi hula kwanza, na bondia huambulia ukoko.

Wapo vijana katika shule zetu wenye ngumi nzito na ndoto kubwa. Siku moja watawekewa mezani karatasi za Kiingereza cha mawakili na kuambiwa, "Tia sahihi hapa." Naiomba tume inayosimamia ndondi za kulipwa nchini idai kwamba kila mkataba wa bondia Mkenya uwe na nakala ya Kiswahili, na uonyeshe wazi muda wake, mgao wa mapato na njia ya kujitoa. Nanyi walimu wenzangu, tunapofundisha ufahamu, tusiishie kwenye hadithi za sungura na fisi. Tuwape wanafunzi mkataba wausome, wauhoji, waulize kila neno lina maana gani na linamfaa nani.

Yule kijana wa nyuma darasani ameshaanza. Aliliona neno moja kubwa, akauliza ni la dunia ipi.