MSONDO NA SIKINDE: KUSINI TUTAWAPENDA KWA REDIO TU MPAKA LINI?



Leo tuongelee muziki, lakini zile habari za nani kaachana na nani tuwaachie wenyewe. Nataka tuongelee bendi za wakubwa, Msondo Ngoma na Sikinde. Najua kuna mtu hapo kafe ameshaguna, "hayo mambo ya wazee bwana". Subiri kwanza, usifunge ukurasa. Maswali yangu ni mawili tu. Kwanza, kwa nini bendi iliyoanza 1964 imeweza kukesha na mashabiki wake kwa zaidi ya nusu karne? Pili, kwa nini sisi wa Kilwa, Mchinga na Lindi wengi wetu tunazijua bendi hizi kwa redio na simu tu?

Kwa wale waliozaliwa juzi, historia kwa kifupi. Msondo ilianza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, mwisho ikabaki na jina ambalo mashabiki walikuwa wanaliita siku zote, Msondo Ngoma. Sikinde ni DDC Mlimani Park Orchestra, iliyozaliwa 1978, na miongoni mwa walioianzisha walikuwemo watu waliotoka humo humo JUWATA, akiwemo marehemu Muhidin Maalim Gurumo. Majina yenyewe ni ya ngoma zetu za pwani. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo mtu aliyekulia kwenye unyago hahitaji kufafanuliwa.

Wazungu wana Rolling Stones, bendi ya 1962. Imeitangulia Msondo kwa miaka miwili tu. Mwaka 2021 alifariki mpiga ngoma wao Charlie Watts, bendi ikaendelea, na 2024 wakazunguka Marekani wakijaza viwanja. Hakuna aliyewauliza mashabiki wale kwa nini wanapenda "mambo ya wazee". Sisi Msondo tunaiita zilipendwa, kana kwamba watu walishaacha kuipenda.

Sasa, ushabiki wenyewe ukoje? Aliyewahi kuhudhuria mpambano wa Msondo na Sikinde pale TCC Chang'ombe atakwambia ni Simba na Yanga yenye magitaa. Kuna watu wa Msondo hawakanyagi kwa Sikinde, na watu wa Sikinde hata wimbo wa Msondo ukipigwa harusini wanakaa chini. Na kama mpira, wachezaji wanahama. Gurumo alitoka JUWATA akaenda Mlimani, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Hassan Bitchuka kaimba kote kuwili. Shaaban Dede, aliyefariki Julai 2017, naye kaimba kote kuwili. Mwanamuziki anahama, shabiki habanduki.

Na hili la kushindana lina mizizi mirefu. Kabla ya magitaa, pwani yote hii kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Dar na Lindi kulikuwa na beni, watu wamevaa sare, wana tarumbeta na ngoma, kundi la Marini linashindana na la Arinoti. Babu zetu walikuwa wanatumia pesa zao ili kundi lao lisiaibike mbele ya wapinzani. Kwa hiyo anayesema ushabiki wa bendi ni kitu cha Dar, huyo hajui habari za bibi yake.

Lakini kwa maoni yangu kuna sababu kubwa zaidi ya upinzani. Muziki wa dansi unakamilikia ukumbini. Redioni unapata wimbo wa dakika chache: maneno, kiitikio, magitaa kidogo, basi, taarifa ya habari. Jukwaani wimbo ule ule unaanza taratibu, watu wanasikiliza ujumbe, halafu linakuja lile eneo la kuchemka. Hapo solo linabadilika, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, mwimbaji anataja majina ya mashabiki waliopo, mtu anapanda kumtuza, na kwa sababu ametuza wimbo hauishi. Unaweza kufika robo saa. Ukumbi ukichangamka, bendi inarefusha. Ukumbi ukinuna, inakata. Maana yake shabiki naye ni sehemu ya bendi, na ndiyo maana mtu yule yule anakwenda kila wiki kusikiliza nyimbo zile zile. Kwake si zile zile.

Sasa tazama hali ya mtu wa Kivinje. Kwa miaka mingi redio ya nchi ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, mpaka zilipokuja redio binafsi miaka ya 1990. Bendi zilirekodi studio za RTD na nyimbo zikafika kila kijiji chenye betri. Kwa hiyo kuna wazee huku kwetu wanaweza kukuimbia tarumbeta ya NUTA kwa mdomo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hawakosei hata pumzi, na hawajawahi kuiona bendi yenyewe ikipiga. Wanapenda wimbo ambao nusu yake hawajawahi kuisikia.

Na kuna kichekesho ndani yake. Moja ya bendi kubwa za Dar miaka ya 1960 iliitwa Kilwa Jazz, ya marehemu Ahmed Kipande. Zama zile bendi za mjini zilibeba majina ya kwao: Rufiji Jazz, Ulanga Jazz, Kilwa Jazz. Watu wa kwetu wakiwa mjini walikutana hapo, wakajuana, wakasaidiana. Jina la Kilwa lilichezewa Dar usiku kucha, na Kilwa yenyewe ikabaki na redio.

Zamani tulikuwa na sababu ya kweli: barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, ilibidi uvuke Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikikukuta unaweza kulala njiani siku kadhaa. Nani alete spika na magitaa kwenye tope lile? Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kama kilomita 60, kiliendelea kututesa kwa miaka mingine mingi kabla ya kuwekwa lami. Leo lami ipo, na Dar mpaka Kilwa Masoko ni kama kilomita 300. Haikosi matatizo, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliikata barabara pale Somanga tukakaa tumetengwa. Lakini hiyo ilikuwa dharura. Sababu ya kila siku ya kusema "Kusini hakufikiki" imeshakwisha.

Tatizo lililobaki ni hesabu, na hapa naomba mnisome taratibu. Tuseme (nasema tuseme, namba zangu ni za mfano) bendi inakuja na msafara wa watu 20 na vyombo. Usafiri, milioni 2. Ukumbi, kibali, ulinzi, chakula, malazi na posho, milioni 3. Jumla milioni 5. Kwa kiingilio cha shilingi 10,000 unahitaji watu 500 ili tu pesa irudi. Kwa Masoko, mwezi ambao watu hawana kitu, hiyo ni ndoto. Promota anaona bora amlete msanii mmoja na kijana wake wa kompyuta, wanapanda gari dogo, anaimba juu ya CD nyimbo sita, anasepa.

Sasa geuza hesabu. Bendi ipige Kilwa Ijumaa, Lindi Jumamosi, Mtwara Jumapili. Usafiri utapanda kidogo, tuseme milioni 2 na laki 4, lakini unagawanywa kwa maonyesho matatu, yaani laki 8 kila moja. Ongeza zile milioni 3, inakuja milioni 3 na laki 8. Sasa unahitaji watu 380 kila mji badala ya 500. Hapo tayari tunazungumza lugha nyingine.

Halafu kuna suala la tarehe. Ratiba za burudani zinapangwa kwa kalenda ya mshahara wa Dar: mwisho wa mwezi, Krismasi, Mwaka Mpya. Huku kwetu pesa ina msimu. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba hivi. Mtu wa Nangurukuru hawezi kutoa elfu kumi Februari, ila mwezi Julai akishalipwa ufuta wake hata mke wake atamlipia. Tena Nane Nane kanda yetu maonyesho yanafanyika Ngongo, pale pale Lindi, watu wanatoka wilaya zote. Umati umeshakusanyika, unataka nini tena? Na sikukuu za pwani tunazijua: vunja jungu, Idi Mosi, Idi Pili. Mwezi Mtukufu tunauacha kwa heshima yake, bendi nazo zinapumzika.

Anayesema Kusini hakulipi namkumbusha kitu kimoja. Novemba 2018, Wasafi Festival ilipoanza, mji wa kwanza ulikuwa Mtwara. Wale ni wafanyabiashara, hawakuja kututembelea kwa huruma.

Najua pingamizi zitakazokuja, wacha nizijibu kabisa.

Kuna atakayesema vijana hawautaki muziki huu. Mimi nasema vijana hawajapewa nafasi ya kuukataa. Kijana anayekesha kwenye singeli anajua vizuri raha ya umati kujibizana na jukwaa. Akiona tarumbeta tatu zinalia mbele yake kwa mara ya kwanza, halafu akakaa kimya, hapo nitakubali. Lakini aone kwanza.

Kuna atakayesema Msondo ya sasa si ile, kwamba TX Moshi William alifariki 2006 na Gurumo akamfuata Aprili 2014. Ni kweli, na mapengo yale hayazibiki. Lakini mbona Simba na Yanga wachezaji wa 1974 hawapo na bado watu wanapigana vibao kwenye vijiwe? Bendi ni shule. Anayepiga besi leo alisimama nyuma ya aliyepiga jana akamwangalia vidole. Hicho ndicho kitu hakihifadhiwi kwenye CD.

Na hapa ndipo penye uzito wa mada yangu. Bendi hizi zinaishi kwa kiingilio. Nyimbo za RTD ziliwapa majina makubwa, lakini mikanda ilibaki redioni na jina haliliwi. Sheria ya hakimiliki tunayoitumia sasa ilikuja 1999, na COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni mwezi Januari 2022. Hesabu mwenyewe kutoka 1964 mpaka 2022 ni miaka mingapi, na wangapi walifariki katikati. Gurumo alipostaafu 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Lilikuwa jambo la kiungwana sana na mimi nilishangilia. Ila nilijiuliza, inakuwaje mtu aliyeimba nusu karne, nchi nzima ikiimba naye, asubiri gari la zawadi?

Jibu ni kwamba nchi nzima iliimba naye bure. Sisi tuliokuwa mbali na ukumbi tulichukua wimbo, hatukuwahi kulipa mlangoni. Si kwa ubaya, mlango wenyewe haukuletwa kwetu. Na wakati tunasubiri, muda unakimbia pande zote mbili. Mzee aliyekuwa na miaka 15 NUTA ilipoanza, leo ana zaidi ya 75. Kila mwaka unaopita anapungua mpigaji mmoja Dar na msikilizaji mmoja Kivinje, na hao wawili hawatakutana tena.

Kwa hiyo ombi langu ni la vitendo. Maofisa utamaduni wa Kilwa na Lindi, ongeeni na wenzenu wa Mtwara mpange ratiba moja ya siku tatu msimu wa ufuta. Mapromota wetu wa Kusini, wekeni viingilio viwili: cha kukaa mbele kwa wenye nazo, na cha jioni mapema chenye bei nafuu kwa wazee, saa kumi mpaka saa mbili, kwa sababu mzee wa miaka 75 hakeshi. Bendi zenyewe, msisubiri kualikwa, pigeni simu. Na nyie vijana wenzangu, siku mabango yakibandikwa msiseme "nitaangalia klipu". Klipu ni ile ile redio ya zamani, imevaa nguo mpya. Mchukue mzee wako mkono, mlipe mlangoni, mwingie wote.

Naomba kuwasilisha. Wa Masoko, Kivinje, Mchinga, Lindi mjini, Mtama, semeni hapo chini: nani amewahi kuiona Msondo au Sikinde ikipiga huku kwetu, mwaka gani, ukumbi upi? Na wewe ni Msondo au Sikinde? Matusi hapana, hoja ruksa.