Karaoke Isiyo na Zuwena

Neno la Kiswahili linalonikera kuliko yote ni "zilipendwa". Angalia sarufi yake tu: wakati uliopita, kauli ya kutendwa. Zilipendwa, basi, yamekwisha. Neno hilo tumelifanya sanda. Tumeufunga nalo muziki wa dansi, tukaupangia saa yake redioni, kisha tukajisifu kwamba tunauenzi. Mimi nasema hatujauenzi. Tumeusikiliza tu, na kusikiliza ni kazi rahisi. Kazi ngumu, ya kuandika maneno ya nyimbo zile neno kwa neno yasomwe na yeyote, hatujaifanya.

Ushahidi wangu unatoka mahali ambapo wasomi wa fasihi hawakanyagi, au wakikanyaga hawasemi: kwenye karaoke. Same mjini, kando ya barabara kuu, mwisho wa wiki hukosi baa yenye televisheni kubwa, maikrofoni mbili na kijana wa kompyuta. Fungua orodha yake: Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams, Celine Dion, Westlife. Sina ugomvi nao. Don Williams ameliwaza watu wengi Afrika Mashariki na sitamfukuza leo. Lakini mzee aliyeteremka kutoka Mbaga kwa shughuli zake akiomba "Zuwena" ya Marijani Rajab, kijana anatafuta, anakuna kichwa, halafu anamwambia: "Mzee wangu, hiyo haipo. Nikuwekee ya Diamond?" Maana Diamond naye ana Zuwena wake. Mzee hamtaki huyo. Anaimba kavukavu bila ala, na meza za jirani zinamwitikia. Wakifika katikati ya wimbo wanakwama: meza ya kulia inadai neno ni hili, meza ya kushoto inaapa ni lile. Wanabishana mpaka bia inapoa moto, na hakuna wa kuamua, kwa sababu hakuna pa kuangalia.

Watu wanadhani karaoke ni kelele za walevi. Kelele zipo, sikatai. Lakini kabla ya mlevi kushika maikrofoni kuna mtu aliyekaa chini akausikiliza wimbo mara kumi, akaandika kila neno, akaamua mstari unaishia wapi, akaweka jina la wimbo juu. Hiyo ni kazi ya mhariri. Kioo cha karaoke ni ukurasa, na wimbo ulioko kwenye kioo umechapishwa. Ule usiokuwepo unategemea kumbukumbu za wazee wa meza mbili, na wazee hawakai milele.

Kama unaona natia chumvi, panda mlimani Jumamosi hadi Suji, kwa Wasabato, utaje namba moja kutoka Nyimbo za Kristo. Au Jumapili nenda kwa Walutheri, utaje namba kutoka Mwimbieni Bwana. Utasikia bibi ambaye hajawahi kuvuka mto Ruvu akiimba wimbo uliotungwa Ulaya karne zilizopita, beti zote, bila kukosea neno. Je, nyimbo hizo ni tamu kuliko za Mbaraka Mwinshehe? Nisiulizwe mimi. Najua tu kwamba zilichapwa kitabuni na zikapewa namba. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na mpaka leo ukitaka maneno ya nyimbo zake unamtegemea mtu aliyeyaandika mtandaoni kwa kubahatisha, huku akikosea majina ya watu na ya mahali.

Sasa twende kwa wenye karaoke yao, Wajapani. Same inawajua kwa mambo ya maji na mpunga: skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, huko tambarare, ilijengwa kwa msaada wao mwishoni mwa miaka ya 1980. Karaoke kwa Kijapani maana yake ni okestra tupu, yaani ala bila mwimbaji. Mashine yake ilibuniwa mwaka 1971 na Daisuke Inoue, mpiga muziki wa baa za mji wa Kobe, ambaye hata hakujishughulisha kuisajili kama mali yake. Na nyimbo ambazo watu wazima wa kule wanazing'ang'ania kwenye mashine hizo ni za enka: mapenzi yaliyovunjika, pombe, bandari, mama aliyeachwa kijijini, sauti ikitetemeshwa mpaka inakaribia kilio. Ukizisikia utasema hawa wamekaa na Marijani.

Mwaka 1978 mwimbaji wa enka Saburo Kitajima alitoa wimbo uitwao "Yosaku". Unamhusu mkata miti wa mlimani na mkewe anayefuma nguo nyumbani. Basi, ndiyo habari yote. Mtu wa Chome hahitaji mkalimani kuuelewa. Mwaka huohuo wa 1978, Dar es Salaam, ilianzishwa DDC Mlimani Park Orchestra. Leo Mjapani akitaka "Yosaku" anabonyeza, na kabla ya ala kuanza anaoneshwa jina la wimbo, la mwimbaji, la aliyetunga maneno na la aliyetunga muziki. Mtanzania akitaka wimbo wa Mlimani Park wa miaka ileile anaambiwa haupo. Wao walitengeneza okestra tupu. Sisi tulikuwa na okestra zenyewe, na tupu ndiyo tuliyobaki nayo.

Halafu kuna suala la fedha, ambalo waungwana hawapendi kulitaja. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba wateja wa baa wakiimba karaoke, mwenye baa ndiye anayewajibika kwa haki za watunzi. Yaani mlevi akiharibu wimbo wako, wewe mtunzi unalipwa. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tuna COSOTA. Lakini sheria haiwezi kumlipa mtunzi ambaye jina lake halijaandikwa mahali wimbo unapotumika. Muhidin Gurumo aliimba kwa zaidi ya miaka 50. Alipostaafu mwaka 2013 alisema hajawahi kumiliki gari, na Diamond akamzawadia moja. Nampongeza Diamond, alifanya utu. Lakini tulivyoshangilia ile zawadi ndivyo tulivyojianika. Mzee yule alistahili kulipwa, nasi tukafurahi amehurumiwa.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: karaoke inaua bendi. Jamani! Bendi zetu zilianza kulia njaa muda mrefu kabla baa ya kwanza ya Same haijanunua maikrofoni. Anayeimba wimbo wa bendi huyo ndiye atakayelipa kiingilio bendi ikija mjini. Asiyeujua ataendaje?

La pili: kanda zipo, Radio Tanzania ilirekodi kila kitu na TBC wamerithi. Kweli, hazina ipo, na ni kubwa. Lakini mahindi yaliyoko ghalani hayajawa ugali. Kanda inahifadhi sauti. Haimwambii kijana wa kidato cha tatu neno lile lililomezwa na tarumbeta lilikuwa lipi. Wengi walioliimba wametangulia, Marijani tangu 1995, Gurumo tangu 2014. Walio hai waulizwe sasa.

La tatu linatoka kwenu, wasomaji wa kurasa hizi: eti maneno ya dansi si fasihi. Shairi la mtihani mtoto analikariri Jumatatu na kulisahau Ijumaa. Wimbo wa Marijani mtu anaubeba miaka 40 bila kulazimishwa na mwalimu, anausimulia kama hadithi, analia pale pa kulia. Kama hiyo si fasihi basi tuna tafsiri ya fasihi inayotufaa sisi wachache wenye vyeti.

Ninachodai ni kidogo na hakihitaji mfadhili wala semina. Walimu wa Kiswahili wa sekondari za Same na Mwanga wawape wanafunzi nyimbo 10 za dansi, wakae na babu na bibi zao, waandike maneno. Wanapotofautiana, waandike tofauti zote mbili, kama wafanyavyo wahariri wa tenzi. Wakizimaliza hizo, wahamie kwenye nyimbo za Chasu za harusi na za kulima, ambazo hata kanda hazina. Wenye kanda za redio watoe nakala za kusahihishia. Na mwenye baa anayelipia umeme na leseni azoee kulipia watunzi pia, jina la kila mmoja likisomeka kwenye kioo, likiwa kubwa kama la Kenny Rogers.

Wanatusema sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Tunacheka, maana si uongo sana. Haya, safari hii anayedaiwa ni ng'ombe mwenyewe, na mashahidi ni wazee. Kesi ifunguliwe wakiwa bado wanaweza kuimba.