KUKABIDHI KAZI SI KUKABIDHI FUNGUO

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akisha kuupita mji wa Kibaha na kabla ya kufika Mlandizi, hufika Misugusugu. Wenyeji wa hapo hawana haja ya kwenda mbali kutafuta somo juu ya kazi ya umma inayotoka mikononi mwa watu na kuingia mikononi mwa wengine. Somo hilo li jirani yao.

Januari 1970 mradi wa Kibaha, ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini, ulikabidhiwa rasmi kwa Serikali yetu. Ulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima. Wageni wakaenda zao, kazi ikabaki. Shule yafundisha hata leo, kituo cha afya kimekua kikawa Hospitali ya Tumbi, na kituo cha wakulima kimekuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyaelea, vimeundwa. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba wageni wataondoka, na wenyeji wakatayarishwa kushika nafasi zao.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka huo huo wa 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima kama 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufika mwaka 1986 walihesabiwa chini ya 10. Ushindi huo uliletwa na maelfu ya walimu wa kujitolea, waliopewa posho ya shilingi 30 tu kwa mwezi. Lakini baadaye madarasa mengi yalifungwa, na ujinga ukarudi. Fedha zilipungua, hilo hatulikatai. Hata hivyo twasema kuwa fedha peke yake si sababu yote. Mahali pengi mwalimu alipochoka, hapakuwa na kijana aliyekaa karibu naye akajifunza kazi.

Tuchukue mfano wa darasa la namna hiyo mahali popote Misugusugu. Wazee waliolianzisha wamelipenda kama mtoto wao, na vijana wanataka kulipokea. Hapo hutokea makosa mawili. Mzee hutoa funguo lakini huficha daftari, kisha huja kila siku kumsahihisha kijana mbele ya wanafunzi. Kijana naye, siku ya kwanza, hubadili saa za masomo bila kuuliza kwa nini ziliwekwa saa kumi. Laiti angaliuliza, angaliambiwa kwamba kabla ya saa hiyo akina mama wangali shambani.

Anayeumia si mzee wala kijana. Ni yule mama ambaye jana ameandika jina lake kwa mara ya kwanza. Yeye hatangoja mpaka tumalize kugombania heshima. Akikuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu hatakuja.

Kwa hiyo yatupasa kukabidhi kazi mapema, wakati mwenye kazi angali na nguvu za kufundisha. Wa zamani na wapya wafanye kazi pamoja kwa muda. Daftari litolewe pamoja na madaraka, na hesabu ya fedha isomwe mbele ya wote. Mzee abaki mshauri anayeitwa, asiwe msimamizi anayejiita. Na kijana ajue kuwa amepokea deni, hakupokea cheo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wanachama wenzetu matawini, na wafanyakazi viwandani na maofisini, kila mmoja anayeshika kazi ya kujitolea ajiulize leo: ni nani ninayemfundisha? Asiyekuwa na jibu aanze kumtafuta kabla ya jua kuchwa.