Neno "Beg" na Kalamu ya Karani

Katika maneno ya Kiingereza yaliyopita mikononi mwa makarani, machache yametumika sana kama neno "beg". Shuleni tulifundishwa ya kuwa maana yake ni kuomba, nasi tukalijaza katika barua zetu. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Basi yafaa tulitazame vizuri.

Neno hili lina njia mbili. Likifuatwa na "for", ni kuomba hasa: maskini aomba chakula, mfungwa aomba rehema. Likifuatwa na "to" pamoja na tendo la kuarifu, kama "I beg to inform you", hamna ombi ndani yake. Ni adabu ya barua tu. Mfanya biashara wa London wa zamani aliweza kumwarifu mdeni wake kwa maneno hayo ya kuwa atamshtaki. Je, huyo aliomba nini?

Kadhalika katika Bunge la Uingereza, asemaye "I beg to move" hamwombi mtu sadaka. Atoa hoja yake. Wabunge wa Tanzania nao husema, "Naomba kutoa hoja." Humo mna heshima, wala hamna unyonge.

Hatari ni kuzichanganya njia hizo mbili. Mwenzetu mmoja hapa Kilakala alistahili nauli ya likizo kwa kanuni za kazi. Akaandika "I beg for". Akajibiwa ya kuwa ombi lake limefikiriwa, na kwa huruma atapewa nusu. Waliomjibu walikosa, lakini hatuwezi kuwalaumu peke yao. Mwenzetu aliigeuza haki kuwa sadaka kwa kalamu yake mwenyewe.

Mama ashukaye milima ya Uluguru na mzigo wa ndizi kichwani haombi bei yake sokoni Morogoro. Huitaja, kisha husikiliza jibu la mnunuzi, na hapana amwitaye mjeuri. Kiswahili chetu kina kuarifu, kuomba, kudai, hata kuombaomba, na kila neno lina mahali pake. Habari na tuiarifu, ruhusa tuiombe, haki tuidai kwa adabu tukiitaja kanuni yake.

Basi, ndugu makarani, kabla ya kutia sahihi na tuisome barua tena, tujiulize: hapa twaarifu, twaomba, au twadai?